Mawaridi ya Jua la Agosti

Mawaridi ya kale ya Ulaya, yaani jamii za galika, alba na sentifolia, huchanua mara moja tu kwa mwaka. Hufunguka Mei au Juni, hupendeza kwa majuma machache, kisha mche hubaki majani na miiba mpaka mwaka unaofuata. Jua kali la Agosti halina ua la kuunguza, kwa kuwa maua yamekwisha pukutika. Bustani za nchi zenye majira marefu ya joto, kuanzia Texas na South Carolina hadi kusini mwa Ufaransa, India na Australia, huhitaji waridi la tabia nyingine: linalotoa matumba joto likiwa limepita nyuzi 35, linaloshika majani yake, na ambalo likipata unafuu kidogo mwishoni mwa msimu huchanua upya kwa nguvu. Waridi hilo lilitoka Uchina, likachanganya damu visiwani na kwenye mashamba ya nchi za joto, likapuuzwa kwa miongo mingi, kisha likaokotwa tena makaburini na kwenye nyua za watu wa kawaida.

Joto huliumiza waridi kwa njia kadhaa. Tumba linalokua wakati wa joto kali hukomaa haraka mno, hivyo ua hufunguka likiwa dogo, lenye petali chache, na rangi yake hufifia ndani ya siku moja au mbili. Usiku wa joto nao ni adui mkubwa, kwa sababu mmea huendelea kutumia sukari iliyotengenezwa mchana na kubaki bila akiba. Penye hewa kavu, utitiri hujazana chini ya majani na kuyafyonza mpaka yageuke kijivu. Penye unyevu huja madoa meusi, ugonjwa wa ukungu unaohitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa saba tu ili kuota. Mche uliovuliwa majani mara mbili au tatu katika msimu mmoja hauna tena nguvu ya kuchanua Septemba. Ndiyo maana watu waliozoea kazi hii hulipima waridi la nchi ya joto kwa majani yake kwanza, na maua baadaye.

Kabla ya miche ya Uchina kuingia, Ulaya na Mashariki ya Kati zilikuwa na damaski ya vuli, ambayo Wafaransa huiita 'Quatre Saisons', waridi lililochanua majira ya kuchipua na kurudia kidogo baadaye. Washairi wa Roma waliusifu mji wa Paestum, kusini mwa Italia, kwa mawaridi yaliyochanua mara mbili kwa mwaka, na waandishi wengi wa historia ya bustani huyahusisha na damaski hii. Jamii ya damaski ndiyo pia chanzo kikuu cha maji ya waridi, yale ambayo watu wa Zanzibar, Lamu na Mombasa huyanyunyiza kwa mrashi kwenye maulidi na harusi. Huko Oman, waridi la Jabal Akhdar hulimwa kwenye matuta ya mlima, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huvunwa kati ya mwisho wa Machi na Mei, kabla joto halijapamba moto. Wakulima wa mlima huo wana ustadi mkubwa na marashi yao ni ya fahari, lakini waridi lao hulikwepa joto: likishavunwa, hupumzika. Bustani ya Agosti ilihitaji mmea usiopumzika.

Mmea huo ulikuwapo Uchina kwa karne nyingi. Wakulima wa huko walikuwa wameteua na kuotesha mawaridi yaliyochanua mwezi baada ya mwezi, mradi baridi isiwe kali. Siri yake imefahamika karne hii. Waridi la porini lina jeni linaloitwa RoKSN, ambalo huzuia mmea kutoa maua mara msimu wa kuchipua unapokwisha, na kizuizi hicho hakiondoki mpaka baridi ya kipupwe ipite. Katika mawaridi ya Uchina, kipande cha DNA chenye tabia ya kuhamahama kilijipachika ndani ya jeni hilo na kuliziba mdomo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ndio ulioonyesha jambo hili. Kizuizi kikizimwa, karibu kila chipukizi jipya huishia kwenye ua, iwe Mei au Septemba. Tabia hiyo imejificha: mche ulioirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida hauionyeshi, na ni kizazi cha pili ndicho kinachoweza kuidhihirisha. Waotesha miche wa karne ya 19 hawakuyajua haya, lakini matokeo yake waliyaona kwa macho yao, mara nyingi wakidhani ni bahati.

Aina nne za Kichina ndizo zinazotajwa zaidi kuwa bibi na babu wa mawaridi ya kisasa. 'Slater's Crimson China', jekundu lililokoza, lilifika Uingereza karibu mwaka 1792. 'Parsons' Pink China', la waridi mpauko, ambalo leo wengi huliita 'Old Blush', likafuata mwaka 1793. Mwaka 1809 Sir Abraham Hume alipata waridi lenye harufu kama ya majani ya chai kutoka vitalu vya Fa Tee, ng'ambo ya mto kutoka Canton, na mwaka 1824 John Damper Parks akarudi Uingereza na la manjano lenye harufu hiyohiyo. Ingawa Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, waridi la Hume lilivuka bahari mwaka 1810 na kufika Malmaison, bustani ya Josephine, mke wa zamani wa Napoleon. Bustani za Ulaya Kaskazini ziliyapokea mawaridi haya kwa shangwe na kwa hofu, kwani baridi iliyaua kirahisi. Wengi waliyaweka ndani ya nyumba za vioo. Waliosahauliwa katika habari hii ni watu wa nchi za joto, ambao hawakuhitaji kioo chochote.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Bahari ya Hindi. Kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Île Bourbon, kilikuwa kituo cha meli zilizopita kati ya Ulaya na Asia, na miche ilishuka pamoja na mizigo mingine. Wenye mashamba walipanda nyua za mawaridi kuzunguka viunga vyao, wakichanganya aina mbili: 'Old Blush' na damaski ya vuli. Kazi ya kuchimba, kupanda na kukata nyua hizo ilikuwa ya watumwa. Wengi wao walitoka Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, ikiwemo Kilwa, ambako Mfaransa Jean-Vincent Morice aliweka mkataba na sultani mwaka 1776 wa kununua watumwa 1,000 kwa mwaka. Majina ya waliozilea nyua hizo hayakuandikwa popote. Lililoandikwa ni jina la mwenye shamba mmoja wa Saint-Benoît, Edouard Perichon, ambaye kati ya miche yake palionekana mmoja usiofanana na mingine. Nyuki walikuwa wamebeba chavua kutoka aina moja hadi nyingine, na mbegu ikawa imeota yenyewe.

Bréon, mtaalamu wa mimea aliyefika kisiwani mwaka 1817 kusimamia bustani ya kifalme, aliutambua mche huo kuwa ni chotara mpya. Mwaka 1819 alituma mbegu kwa rafiki yake Jacques, mtunza bustani wa Duke wa Orléans huko Neuilly, karibu na Paris. Kutokana na mbegu hizo ilizaliwa jamii nzima ya mawaridi inayoitwa Bourbon, yenye ua nono la damaski, harufu yake, na ukaidi wa Kichina wa kutoacha kuchanua. Louise Odier alipewa waridi lenye jina lake mwaka 1851. 'Zéphirine Drouhin', lisilo na miiba, likatoka mwaka 1868. Lakini lile la mwaka 1843, 'Souvenir de la Malmaison' la Jean Béluze wa Lyon, ndilo linalofaa kusemwa kwa urefu kidogo. Maua yake mapana, yenye petali nyingi zilizobanana, hukataa kufunguka kwenye mvua na baridi. Huoza yakiwa bado matumba. Mtu wa Paris aliyelipanda mwaka wenye mvua alikuwa na haki ya kulilaumu. Kwenye joto kavu, waridi hilohilo hufunguka lote na kumwaga harufu uwanja mzima. Ubaya ulikuwa wa mahali lilipopandwa.

Mche mwenyewe wa Réunion, 'Rose Edouard', ulikwenda mashariki. India iliupokea kama mmea wa kazi: maua yake yalifumwa kuwa mashada ya hekaluni, na mashina yake yalitumiwa kama mzizi wa kupandikizia aina nyingine. Pushkar, huko Rajasthan, ni moja ya sehemu ambazo waridi la asili hii limelimwa mashambani. Ni ushahidi mzuri kwamba chotara la nyua za Saint-Benoît lilizoea jua kuliko ndugu zake waliokulia Paris.

Ng'ambo nyingine ya dunia, karibu miaka ileile mche wa Saint-Benoît ulipoonekana, jambo kama hilo lilitokea Charleston, South Carolina. John Champneys, mwenye shamba la mpunga, alikuwa na 'Old Blush' na waridi la miski. Miski ni mmea wa kipekee kwa sababu huanza kuchanua vizuri mwishoni mwa majira ya joto, wakati mengine yamechoka, na harufu yake husafiri mbali. Kutokana na mawili hayo lilipatikana 'Champneys' Pink Cluster', lenye kupanda juu na kuchanua kwa vishada, ingawa zaidi katika msimu mmoja. Philippe Noisette, mwenye kitalu mjini humo, aliyekuwa ametoka Saint-Domingue, alipanda mbegu zake. Kizazi cha pili kikatoa 'Blush Noisette', fupi zaidi na lenye kurudia maua bila kuchoka: siri iliyojificha katika kizazi cha kwanza ilidhihirika. Noisette aliupeleka mche kwa ndugu yake Louis huko Paris, na jina la familia likabaki kwenye jamii nzima.

Wafaransa waliyaozesha manoisette na mawaridi ya chai ya manjano. Wakapata 'Lamarque' mwaka 1830 na 'Maréchal Niel' mwaka 1864, maua makubwa yanayoinamisha vichwa, ambayo mtu akisimama chini ya uzio anayaona usoni. Kaskazini mwa Ufaransa yaliganda kila kipupwe kikali. Kusini mwa Marekani yalipanda mpaka kwenye mapaa. Miski lenyewe lilipotea katika bustani nyingi, jina lake likabebwa na waridi jingine lililochanua mapema, mpaka mwaka 1963 mtaalamu wa mawaridi Graham Thomas alipolikuta mwishoni mwa Agosti kwenye ukuta wa Myddelton House, Uingereza, nyumba ya zamani ya mpenda bustani E. A. Bowles. Wakati wa kuchanua ndio uliolitambulisha.

Mawaridi ya chai ndiyo yaliyofika kileleni katika kuvumilia joto. Asili yake ni mchanganyiko wa waridi la Kichina na Rosa gigantea, mtambaazi mkubwa wa milima ya Yunnan, Burma na Manipur, anayepanda miti mirefu na kutoa maua meupe mapana. Majani yake ni laini na mang'avu, na wajukuu wake wameyarithi. 'Safrano' lilitoka mwaka 1839, 'Duchesse de Brabant' mwaka 1857, na Gilbert Nabonnand wa Golfe-Juan, kwenye pwani ya Mediterania, alitoa 'Général Schablikine' mwaka 1878. Nabonnand aliotesha miche yake chini ya jua lilelile ambalo miche ingeishi nalo, na hilo ndilo lililowashinda wenzake wengi wa kaskazini. Waridi la chai halitaki kukatwa sana. Likiachwa, hujijenga mwaka hadi mwaka na kuwa kichaka kikubwa kuliko mtu, na katika nchi ya joto huweza kuishi zaidi ya miaka 100.

Kisha ladha ya soko ikageuka. Mwaka 1867 Guillot wa Lyon alitoa 'La France', ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa chotara la kwanza la jamii ya chai, na maonyesho ya mawaridi yakaanza kutoa zawadi kwa ua moja lenye umbo la mnara juu ya kikonyo kirefu. Umbo la ua likawa kila kitu. Mwaka 1900 Joseph Pernet-Ducher, naye wa Lyon, alitoa 'Soleil d'Or', na kwa njia hiyo akaingiza manjano iliyokoza ambayo haikuwahi kuonekana katika machotara ya chai. Rangi hiyo ilitoka kwa Rosa foetida, mmea wa Asia ya Magharibi uliozoea nchi kavu, ambao hauna kinga yoyote dhidi ya madoa meusi. Ulimwengu ulipata rangi za machungwa na moto, na pamoja nazo ulipata mawaridi yanayopukutisha majani kila penye unyevu. Gharama hiyo ililipwa zaidi na bustani za nchi za joto na mvua, ambako kupulizia dawa kila juma kulifanywa kuwa desturi. Ni vigumu kuiona hatua hiyo kuwa maendeleo kwa mtu anayeishi Houston au Calcutta.

Mawaridi ya zamani hayakufa, kwa kuwa kuna watu ambao hawakusoma orodha za vitalu. Bermuda ni mfano mmoja. Mawaridi ya chai na ya Kichina yalifika kisiwani humo karne ya 19, watu wakagawana vipande vya matawi ukutani, majina yakasahaulika, na mimea ikabaki. Chama cha mawaridi kilichoanzishwa huko mwaka 1954 kiliyakusanya na kuyapa majina ya muda, mengine kwa jina la mtaa yalipokutwa, kama 'Smith's Parish'. Huko Australia, Alister Clark wa Glenara, Victoria, aliyefariki mwaka 1949, alitumia Rosa gigantea moja kwa moja ili kupata mawaridi ya jua la kwao, ambako joto hupanda Januari na Februari. 'Lorraine Lee' lake la mwaka 1924 huchanua hata katikati ya kipupwe. Mengi ya Clark yalipotea vitaluni baada ya kifo chake, mpaka Susan Irvine na wenzake walipoanza kuyatafuta kwenye mashamba na bustani za zamani katika miaka ya 1980.

Texas ndiko kazi hiyo ilikogeuka vuguvugu la watu. Kuanzia miaka ya 1980, kundi la wapenda mawaridi lilizunguka vijijini, kwenye makaburi na nyumba zilizohamwa, likitafuta miche iliyoishi bila maji ya bomba wala mbolea. Walikata vijiti, wakiomba ruhusa kwa wenyeji, wakaviotesha. Mike Shoup alianzisha kitalu cha mawaridi ya kale kutokana na kazi hii, na William Welch wa Chuo Kikuu cha Texas A&M akaandika kuyahusu. Hoja yao ilikuwa nyepesi na haijajibiwa mpaka leo: mche uliokaa juu ya kaburi miaka 50 pasipo mtu kuutazama umekwisha fanya majaribio ambayo hakuna kituo cha utafiti kinachoweza kuyafanya.

Hata hivyo chuo hicho kilifanya majaribio yake, chini ya mpango unaoitwa Earth-Kind ulioanza miaka ya 1990. Miche ilipandwa kwenye udongo uliotiwa mboji, ikafunikwa kwa matandazo, kisha ikaachwa bila dawa, bila kupogolewa, na kwa maji machache baada ya kushika mizizi. Yaliyofaulu yalikuwa ya vizazi tofauti. 'Mutabilis', la Kichina, ambalo ua lake huanza manjano, likawa la pinki na kumalizia kwenye wekundu wa damu ya mzee, lilisimama sambamba na 'Belinda's Dream', ambalo Robert Basye wa Texas alilitoa mwaka 1988. Lilifaulu pia 'Knock Out' la William Radler, lililoingia sokoni mwaka 2000. Radler alikuwa mtu wa Milwaukee, mji wa baridi kali. Alichoteua ni kinga dhidi ya madoa meusi, akiiambukiza miche yake kwa makusudi na kutupa iliyougua. Majani yakibaki shinani, mmea una cha kutumia joto linapokuja. Kuenea kwake kulileta tatizo lake: virusi vya roseti, vinavyobebwa na utitiri mdogo mno anayepeperushwa na upepo, vimeua miche mingi ya aina hii huko Marekani, na mpaka sasa hakuna dawa ya kuviponya.

Desturi za utunzaji zilikua pamoja na mimea. Kusini mwa Marekani, waridi hupogolewa kidogo kati ya katikati ya Agosti na mwanzo wa Septemba, kiasi cha theluthi moja au pungufu, na maua ya vuli hufika baada ya majuma sita hadi manane, wakati usiku umeanza kupoa na rangi hukaa. Atakayekata kwa kina wakati wa joto huacha mashina wazi yakaungua na jua. Maji humwagwa shinani asubuhi, mengi kwa mara moja kuliko kidogo kila siku, ili mizizi ishuke. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huzuiwa mpaka joto lianze kulegea. Mzizi wenyewe nao una historia: kwenye mchanga wa Florida hupendwa 'Fortuniana', waridi lililotoka Uchina karne ya 19, kwa sababu hustahimili minyoo fundo, na kwenye udongo mkavu wa California limetumika sana 'Dr. Huey', lililotolewa na George C. Thomas na kuingia sokoni mwaka 1920.

Katika miongo ya karibuni, macho yamerudi kwa mawaridi ya porini ya nchi za joto zenyewe. Afrika kusini mwa Sahara ina spishi moja ya asili, Rosa abyssinica ya nyanda za juu za Ethiopia na jirani zake. India ina Rosa clinophylla, inayoota kwenye mabwawa na kingo za mito ya Bengal, mizizi ikiwa majini wakati wa masika na jua likiwa juu kabisa. B. P. Pal, mtaalamu wa ngano aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa baraza la utafiti wa kilimo la India, alitumia muda wake wa ziada kutoa mawaridi ya bustani za nchi yake. M. S. Viraraghavan wa Kodaikanal, akishirikiana na mkewe Girija, alikwenda mbali zaidi: alichanganya clinophylla na gigantea na aina za bustani, kwa nia ya kupata mawaridi yasiyodai baridi hata kidogo. Moja ya machotara ya gigantea aliyoyatoa linaitwa 'Sir George Watt', kwa heshima ya mtu aliyeikusanya spishi hiyo Manipur mwaka 1882.